Msamaria Aliahidi Kurudi





Kuna maneno mawili ambayo husemwa katika parokia zetu za Goma kwa sauti ya upole, nasi leo tunataka kuyashitaki: “Mwacheni apumzike.” Husemwa juu ya ndugu aliyeungua vikali, akalazwa miezi mingi, kisha akarudi nyumbani akiwa na uso mwingine au mkono uliojikunja. Yanasikika kama huruma. Sisi tunasema kwamba mara nyingi ni mlango unaofungwa taratibu, ili aliye nje asisikie komeo.

Hatusemi hayo tukiwa tumesimama pembeni. Mlango huo tuliufunga kwa mikono yetu wenyewe, na ni haki tuanze kwa kukiri.

Dada mmoja wa kwaya yetu aliungua usiku. Sababu yake mnaifahamu, maana imo katika nyumba nyingi za mji huu: nyumba ya mbao, mbabula yenye makala ambayo bado ni hai, na bido la petroli lililowekwa karibu nayo. Moto ulimla upande mmoja wa uso, shingo na mkono wa kuume. Alikaa hospitalini zaidi ya miezi sita. Katika miezi hiyo tulikuwa Wakristo wazuri. Tulichanga. Tulipanga zamu za kumpelekea uji na maharagwe. Tulisali rozari nje ya wodi yake. Mama yake alilia kwa shukrani, nasi tulirudi makwetu tukiona kwamba tumetimiza yote.

Kisha akarudi kanisani. Dominika ya kwanza, benchi alilokaa lilibaki na nafasi upande wa kulia na upande wa kushoto, wakati wengine walikuwa wamesimama mlangoni kwa kukosa mahali. Wakati wa kutakiana amani, tuliwapa wengine mkono. Yeye tulimwinamia kwa mbali, tukiwa tumekunja viganja, kwa heshima kubwa mno. Kwenye kwaya alikuwa akiimba zaburi peke yake. Moto haukuigusa sauti yake. Lakini tulimhamishia mstari wa nyuma, karibu na ngoma, “asichoke kusimama”. Lilipokaribia Juma Kuu, zaburi yake ikapewa mwingine. Alipouliza, tulimjibu: “Pumzika kwanza, dada.” Baada ya Dominika chache hakuja tena. Nasi tukaambiana: “Unaona? Alikuwa bado hajapona.”

Huo ulikuwa uongo. Yeye alikuwa amepona kiasi cha kuja. Sisi ndio tulikuwa hatujapona kiasi cha kumpokea.

Tusome tena mfano wa Msamaria mwema, katika sura ya 10 ya Luka. Tunaupenda mwanzo wake: mafuta na divai, vidonda kufungwa, mnyama wa kupanda, nyumba ya wageni, dinari mbili. Sehemu hiyo twaitenda vizuri. Lakini kuna jambo la mwisho ambalo hatulihubiri mara nyingi. Msamaria alimwahidi mwenye nyumba kwamba atapita tena wakati wa kurudi. Hakulipa ili aondokane na yule mtu. Alilipa akiwa ameweka nia ya kuonana naye tena. Sisi tunatoa dinari mbili, kisha tunabadilisha njia. Mji huu umejaa watu ambao mkono wetu wa huruma uliwafikisha kwenye nyumba ya wageni, na hapo tukawaacha.

Bwana wetu mwenyewe hakutenda hivyo. Mwenye ukoma alipomjia, katika sura ya kwanza ya Marko, Yesu alimgusa kwanza, ndipo akatakaswa. Kisha akamtuma akajionyeshe kwa kuhani. Kwa nini kuhani, ikiwa ngozi ilikuwa imekwisha kuwa safi? Kwa sababu kwa desturi ya Walawi, neno la kuhani ndilo lililomfungulia mtu lango la kijiji, la sinagogi na la meza ya jamaa yake. Uponyaji haukukamilika kwenye ngozi. Ulikamilika mtu alipokaa tena katikati ya watu. Tukiwasaidia wauguzi kufunga vidonda, kisha tukaliacha lango limefungwa, tumeifanya nusu ya kazi ya Yesu na kuiita nzima.

Sasa tutazame neno lenyewe, “apumzike”. Wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wanajua jambo ambalo sisi hatukulijua. Kovu la moto haliishi siku mgonjwa anapotoka hospitalini. Kwa mwaka mmoja, hata miwili, linaendelea kukaza, kuwasha na kuvimba. Likiwa kwenye kiwiko, kwenye vidole au shingoni, huvuta kiungo mpaka kikunjike na kukataa kunyooka. Dawa yake ni kazi: kukandwa kwa mafuta, kunyooshwa kila siku, kufungwa vibao usiku, kukingwa na jua. Na hapa ndipo penye fundisho. Mgonjwa aliyeungua hupenda kukaa akiwa amekunja mkono kifuani na kuinamisha kidevu, maana hivyo maumivu hupungua. Lakini mkao ule unaompa nafuu ndio unaomlemaza. Akiachwa apumzike namna anavyopenda, baada ya miezi hawezi tena kuinua kijiko wala kutazama juu.

Basi, jumuiya nayo ina mkao wake wa nafuu. Ni nafuu kwetu akikaa nyumbani. Ni nafuu kwetu akisimama nyuma ya ngoma. Ni nafuu hata kwake, kwa majuma ya kwanza, asitazamwe. Na kila siku tunayokaa katika nafuu hiyo, jambo fulani linakaza. Yeye anasahau njia ya kuja, nasi tunasahau sauti yake. Baada ya mwaka tunaita kilema hicho “tabia yake”, tunasema “amependa upweke”. Sivyo. Hakunyooshwa.

Mtatuambia kwamba yeye mwenyewe hataki kuonekana. Huenda ni kweli, nasi hatumtetei mtu yeyote atakayemburuta mwenzake mbele ya umati. Wapo wanaohitaji muda, na muda huo ni wao. Lakini tuwe wakweli: je, tulimwuliza? Au tulimjibia? Kuna tofauti kati ya anayesema “bado sijawa tayari” na tunayemwambia “bado hujawa tayari”. Wa kwanza ana mwendo wake, nasi tumsubiri mlangoni. Wa pili tumemhukumu. Na anayejificha baada ya kuona benchi linahamwa hajachagua upweke. Amesoma alama tulizomwandikia.

Mtatuambia kwamba watoto wataogopa. Mtoto hushangaa, naye huuliza kwa sauti kubwa, maana ndivyo alivyo mtoto. Hofu hujifunza kwa mama anayemvuta mkono na kumfunika macho. Mwambieni kabla: aliungua kwa moto, amepona, haiambukizi, jina lake ni fulani, msalimie. Kwa mtoto hayo yatosha, na kabla ya wimbo wa kutoka atakuwa anacheza naye.

Wengine husema kwa kunong'ona kwamba moto hauji bure: ni uchawi, ni laana ya jamaa, ni dhambi iliyofichwa. Swali hilo wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu, katika sura ya 9 ya Yohana, naye alilikataa waziwazi. Hakuwapa jina la mwenye dhambi. Atakayelirudia leo chini ya mti wa parokia anauliza swali lililokwisha kujibiwa na Bwana. Ubaya wa mnong'ono huo unazidi kwa mwenye kifafa, ambaye huanguka kwenye moto wa jikoni. Wapo wanaoogopa hata kumvuta kutoka motoni, wakidhani watashikwa na ugonjwa. Kifafa hakiambukizi, kwa mate wala kwa mguso. Anayesita hapo anaacha mtu aungue kwa sababu ya uvumi.

Wapo tena wanaotaka arudi, lakini kwa masharti: arudi kama ushuhuda. Wanampa kipaza sauti siku ya kongamano la vijana, aeleze moto ulivyokuwa, watu walie, wapige makofi, kisha wasimwalike kwenye mkutano wa kupanga bajeti. Hiyo nayo ni namna ya kumwacha. Aliyeungua hana deni la kutusimulia usiku ule. Akitaka kusema, tumsikilize. Akitaka kuwa mhasibu wa kikundi, au kugombana nasi juu ya sare ya kwaya kama wengine wote, hiyo ni haki yake pia, tena ni dalili nzuri kuliko machozi yetu.

Tunaogopa kusema hili, lakini tulisema. Katekesi yetu imetuzoeza kupenda moto usioacha alama. Tunasimulia kwa furaha habari ya vijana watatu katika kitabu cha Danieli, waliotoka katika tanuru bila hata harufu ya moshi. Tunajua la kufanya na hao: tunaimba. Hatujui la kufanya na kijana anayetoka katika tanuru akiwa na harufu ya moshi, na kovu, na bili ya hospitali.

Lakini tunao wengine mbinguni. Wangapi kati yenu mlilelewa katika Kizito-Anuarite? Mtakatifu Kizito, mdogo kuliko wote katika mashahidi wa Uganda, aliteketezwa kwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, pamoja na Karoli Lwanga na wenzao. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Tumevaa jina lake shingoni tangu utoto. Katika picha tunazobeba, uso wake ni laini, haujaguswa. Huenda mchoraji alifanya vema. Lakini kikundi kinachobeba jina la mtoto aliyechomwa moto, kisha kikamkwepa aliyeungua katika benchi la nyuma, hakijaelewa kinambeba nani. Na Bwana mfufuka, alipowatokea wanafunzi wakiwa wamejifungia, hakuja na mwili uliofutwa alama. Aliwaonyesha mikono na ubavu, nao wakafurahi. Kwa alama hizo walimtambua.

Na kama Maandiko hayatutoshi, tutazame chini ya miguu yetu. Mji huu wote ni mji ulioungua. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, mto wa moto ukapita katikati ya Goma, ukameza nyumba, maduka, sehemu ya uwanja wa ndege na kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu. Wazazi wetu walikimbilia Gisenyi. Na walifanya nini? Baada ya siku chache walirudi, lava ikiwa bado ina joto. Waliombwa wangoje, hawakungoja. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena, lava ikakomea karibu na uwanja wa ndege, na mamia ya maelfu wakahama, nao wakarudi. Kuta za nyua zetu tumezijenga kwa mawe yale yale meusi yaliyotuunguza. Hakuna aliyeuambia mji huu: “Pumzika kwanza, kovu lako linatisha.” Watu wa Goma, kuliko watu wote, wangepaswa kujua kwamba kilichoungua hurudi, na kwamba hurudi kwa sababu wenyewe wanakitaka.

Jambo hili si la mtu mmoja wa kwaya yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka duniani, walio wengi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Wanaobaki hai hawatangazwi. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika bonde la Ruzizi, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka. Wapo waliokuwa wamekuja kuteka mafuta, wapo waliokuwa ndani ya ukumbi wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 230 walifariki. Huko Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, msiba wa namna hiyo uliua watu zaidi ya 100. Wafu waliombewa, na ni vema. Lakini nani kati yetu amewahi kuuliza waliopona wameketi wapi leo, wanauza nini, wameoa au kuolewa, nani huwapa mkono wa amani?

Maana kurudi si kanisani tu. Ni sokoni, Virunga au Alanine, ambako mnunuzi hupita meza ya mwenye kovu na kununua unga ule ule kwa jirani yake, akiogopa mkono utakaomkabidhi mfuko. Ni shuleni, ambako mtoto hupewa jina la utani kabla ya kufungua daftari. Ni katika uchumba, ambako jamaa humwendea kijana usiku na kumshauri atafute mwingine “mzima”. Wazazi wetu tunawaheshimu, lakini katika hili tunawaomba radhi na kuwapinga. Ahadi iliyotolewa kwa binti haikuwa ahadi kwa ngozi yake.

Nchi yetu imekwisha kutunga sheria ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu, sheria ya tarehe 3 Mei 2022. Hapa Goma kipo kituo cha Shirika la Umoja, kinachohudumia wenye ulemavu. Mnajua mlango wake? Mmewahi kumsindikiza mtu huko? Haki iliyoandikwa haitembei yenyewe kuja kumchukua mtu chumbani. Inahitaji mwenzake wa kumwambia: “Twende, nimekuja na pikipiki.”

Mtasema kwa mwisho kwamba hatuna uwezo. Tangu vita vilipoingia ndani ya mji mwezi wa Januari 2025, fedha ni adimu na kila nyumba ina kilio chake. Ni kweli, nasi tunakula katika sufuria hiyo hiyo. Lakini angalieni tunachoomba: nafasi kwenye benchi, mkono wakati wa amani, zaburi irudishwe kwa mwenyewe. Vitu hivyo havina bei. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa mji huu, ambaye Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025, alituonyesha njia hiyo. Aliwafanya watoto wa barabarani kuwa rafiki zake, wale tunaowaita maibobo huku tukikaza mwendo. Sadaka mtu huweza kuitupa kutoka mbali. Urafiki hauwezekani kutoka mbali.

Basi tunawasihi vijana wa kila parokia. Aliyelazwa kwa moto, kikundi kisifunge zamu zake siku anapotoka. Siku hiyo ndiyo zamu zianze upya, kwa mwaka mmoja angalau. Mchango utenge nauli ya kwenda mazoezi ya viungo, maana wengi huacha kwa kukosa nauli ya pikipiki, si kwa uvivu. Wawili wajifunze kwa muuguzi namna ya kukanda kovu na kunyoosha kiungo. Nafasi yake ya kazi katika kikundi isigawiwe mwingine bila yeye kuulizwa. Na kila tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, tusiishie kuwatembelea walio wodini. Tuwatafute waliotoka.

Nasi tulifanya nini? Tulikwenda kwa dada yetu, tukiwa wanne, tukiwa tumechelewa mwaka mzima. Tulimwomba msamaha bila kueleza sababu, maana hatukuwa na sababu nzuri. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama zaburi ya Dominika ile ilikuwa imekwisha kupewa mtu. Tulisema hapana. Akasema: “Nitafikiri.” Hatujui atajibu nini, wala hatuna haki ya kumharakisha. Lakini karatasi ya zaburi iko mezani kwake, na sasa kila Alhamisi, kabla ya mazoezi, mmoja wetu hupita pale. Tumeahidi kurudi. Tunarudi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ni nani katika mtaa au shirika letu aliyetoka hospitalini baada ya kuungua, nasi hatujamwona tena? Nani atamwendea juma hili?

2. Ni kazi gani tuliyomwondolea mtu kwa jina la huruma, bila kumwuliza?

3. Tunapompa mwenzetu mkono wa amani, tunautoa kwa nani kwa furaha, na kwa nani kwa mbali?